Safari ya Mtoto Ianzie Kliniki

Mjini Biharamulo, mkoani Kagera, lipo boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, walipoufanya mji huo kuwa kituo cha jeshi na utawala katika koloni lao la Afrika Mashariki. Walimu hulitaja darasani, wageni hutoka mbali kuja kulitazama, na zipo familia za wilaya jirani ya Ngara ambazo, likizo ya Juni au ya Desemba inapokaribia, huwaza kuwapeleka watoto wao wakalione. Wazo hilo ni jema. Mtoto aliyesimama mbele ya ukuta wa boma huielewa historia ya nchi yake kwa namna ambayo kitabu peke yake hakiwezi kumpa.

Hata hivyo, maandalizi ya safari ya namna hii huanzia mahali pasipo pake. Huanza na nauli, nguo za sikukuu, zawadi ya shangazi na simu ya kumwarifu mwenyeji. Afya ya mtoto hufikiriwa mwisho, mara nyingi usiku wa kuamkia safari, na kadi yake ya kliniki hubaki nyumbani ndani ya sanduku. Maoni yanayotetewa katika makala haya ni kwamba mpango wa safari ya familia yenye watoto wadogo uanzie kliniki ya mama na mtoto, na kwamba watoa huduma wa Ngara na Biharamulo waifanye safari kuwa sehemu ya kawaida ya mazungumzo yao na wazazi. Jambo hilo halihitaji jengo jipya wala mashine. Linahitaji maswali machache yaulizwe kwa wakati wake.

Mgeni wa mbali na mtoto wa jirani

Familia ya Ujerumani inayopanga kuja Kagera na watoto wadogo hushauriwa kumwona daktari kwanza. Huko huulizwa umri wa kila mtoto, chanjo alizopata, dawa anazotumia na mahali atakapolala. Hupewa ushauri juu ya dawa za kukinga malaria, chandarua, chakula na maji ya kunywa. Ulaya zipo kliniki maalumu za wasafiri kwa kazi hiyo. Familia ya Ngara inayokwenda kulitazama boma lilelile haiulizwi lolote, kwa kuwa inasafiri ndani ya mkoa wake, na safari ya kwa ndugu haihesabiwi kuwa safari.

Dhana hiyo ina kasoro, kwani mbu wa Biharamulo hamwulizi mtoto alikozaliwa. Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania Bara yenye maambukizi makubwa ya malaria. Mtoto wa Ngara aliyezoea kulala ndani ya chandarua chenye dawa huingia hatarini usiku wa kwanza anapolazwa mkekani sebuleni pamoja na binamu zake, ilhali chandarua cha nyumba kimefungwa chumbani kwa wenyeji. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Mwenyeji ametoa alichonacho, na mgeni ameona haya kuuliza.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto anayeletwa likizo kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au ng'ambo. Kinga ya sehemu dhidi ya malaria hujengeka polepole kwa mtu anayeambukizwa mara kwa mara, na hufifia akikaa muda mrefu mahali penye maambukizi machache. Mzazi aliyekulia Rulenge au Nyakahura hukumbuka kwamba alipokuwa mdogo aliugua homa akapona. Husahau kwamba mwanawe, aliyezaliwa na kukulia mjini, hana kinga hiyo, na kwamba yeye mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuishi mbali huenda hanayo tena. Watoto wa aina hii hufika wengi kila Desemba, msimu wa mvua, na wengine huishia wodini kabla ya mwaka mpya.

Njia hizi zimekwisha kufundisha

Ngara na Biharamulo ni wilaya za njia. Barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo hupitisha malori ya Rwanda usiku na mchana, na ile ya Kabanga huelekea Burundi. Palipo na njia, ugonjwa nao husafiri, na historia ya Kagera ina ushahidi wa kutosha.

Mwaka 1897 tauni ilikuwa Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Daktari wa serikali ya Kijerumani, Zupitza, alitumwa kuichunguza, na mwaka uliofuata mtaalamu mashuhuri wa vimelea, Robert Koch, akathibitisha kuwa ndiyo tauni yenyewe. Miaka michache baadaye malale yalienea kando ya Ziwa Viktoria. Koch akarudi mwaka 1906 kutafuta tiba, akaweka kambi katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, na dawa aliyoitumia, atoksili, ikawapofusha baadhi ya wagonjwa ilipotolewa kwa dozi kubwa. Katika zama hizo watawala walipambana na maradhi kwa amri. Watu walizuiwa kupita, wagonjwa walikusanywa kambini, na baadaye, chini ya Waingereza, wakazi wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika walihamishwa makwao kwa ajili ya malale. Msafiri hakushauriwa, aliamriwa. Anayempeleka mtoto kulitazama boma leo anaweza kumweleza hilo pia, na mtoa huduma wa leo anaweza kulikumbuka kila anapochagua kati ya kumfokea mzazi na kumweleza.

Ngara inayo kumbukumbu nyingine iliyo karibu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 waliokimbia machafuko ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Walikuwamo watoto wengi mno. Walifika bila maji salama na bila dawa, na wapo waliofika bila wazazi. Watumishi wa afya waliokuwapo walijionea jinsi kuhara na surua vinavyomwelemea mtoto aliyeng'olewa ghafla katika utaratibu wake wa kula, kulala na kutibiwa. Wakimbizi hao hawakuwa na nafasi ya kupanga. Familia inayokwenda likizo inayo, na kwa hiyo haina udhuru.

Kisha likaja la juzi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitishwa kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Tarehe 13 Machi mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Wagonjwa 2 walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, wengine 8 walihesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa huo, na wote 10 walifariki dunia. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, Marburg ilikuwa imezuka katika Wilaya ya Bukoba na kuua watu 6.

Mlipuko huo uliacha mafunzo mawili yanayohusu safari. La kwanza ni kwamba hofu isiyo na maarifa haimlindi mtu. Virusi vya Marburg hutoka kwa popo wala matunda, na baina ya watu huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Haviko katika kuta za boma wala katika upepo wa barabarani. Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari wakati wa mlipuko huo. Mzazi anatakiwa kuwazuia watoto wasiingie katika mapango na machimbo wanamokaa popo, wasiokote wala kuchezea wanyama waliokufa, na wanawe mikono. Akiyatimiza hayo, hana sababu ya kuiogopa Biharamulo leo.

Funzo la pili linawahusu zaidi watoa huduma. Swali la "mmetoka wapi?" ni kipimo kisichogharimu kitu. Dalili za mwanzo za Marburg hufanana na za malaria: homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, kutapika. Kinachoweza kumshtua mtabibu mapema ni historia ya mgonjwa, yaani alikopita, aliyemuuguza na msiba aliohudhuria. Swali hilo likiishi katika chumba cha daktari wakati wa mlipuko peke yake, litakuwa limechelewa siku zote.

Maswali matatu ya kliniki

Siku ya kliniki mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, na mama hupewa tarehe ya kurudi. Hapohapo, hasa katika miezi ya kuelekea likizo, mtoa huduma anaweza kuongeza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, familia ina safari, na mtoto atalala wapi? Jibu lake humwezesha muuguzi kusema lililo muhimu kuliko yote, kwamba chandarua cha mtoto kisafiri pamoja naye. Chandarua kilichokunjwa hakizidi ukubwa wa kanga mbili, na kinaweza kutundikwa kwa kamba na misumari minne. Familia ikibeba chake, aibu ya kumwomba mwenyeji huondoka. Kama safari itavuka Rusumo au Kabanga, au kwenda mbali zaidi, ndio wakati wa kuuliza masharti ya afya ya nchi iendayo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa mfano, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na kwa kawaida chanjo hiyo haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 9. Anayeyajua hayo akiwa mpakani amechelewa.

Swali la pili: je, kuna chanjo itakayoangukia katika siku za safari? Mtoto wa Tanzania huanza chanjo anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha hupata chanjo ya surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18. Likizo ya mwezi mmoja inaweza kuivusha mojawapo bila mtu kutambua. Ile ya mwezi wa 18 ndiyo iliyo rahisi kusahaulika, kwa sababu mtoto amekwisha kutembea na mama ameona kliniki imekwisha. Surua huambukiza upesi mno, nayo hupenda mahali watu wanapobanana: stendi, ndani ya mabasi na katika nyumba zilizojaa wageni. Mtoto ambaye tarehe yake itafika akiwa safarini anaweza kuchanjwa katika kituo cha huko anakokwenda, almuradi kadi yake ipo mkononi.

Swali la tatu: je, mtoto ana ugonjwa wa kudumu au dawa anayoitumia kila siku? Hapa ndipo penye jambo zito, na ndipo ukimya unapoumiza. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida katika Kanda ya Ziwa, anaweza kupatwa na maumivu makali akikosa maji ya kutosha, akipigwa na baridi ya asubuhi ya vilima vya Ngara au akiugua malaria. Huyo asafiri na dawa zake zote, sweta na chupa ya maji isiyokauka. Mtoto mwenye pumu hastahili kuachiwa dawa yake ya kuvuta katika begi lililofungwa juu ya gari. Mtoto mwenye kifafa akikosa dozi mbili au tatu anaweza kuanguka mbele ya watu wasiojua la kufanya.

Ipo pia familia yenye mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambayo ndugu hawajaambiwa. Likizo kwa familia hiyo ni mtihani wa kila asubuhi na kila jioni: dawa itolewe wapi, mbele ya nani, na kwa maelezo gani. Wapo wazazi wanaoamua kuiacha hadi warudi, na uamuzi huo huwapa virusi nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu. Muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo akiuliza mapema, anaweza kumpa mzazi dawa za kutosha siku zote za safari na akiba ya wiki moja, akamsaidia kupanga saa na mahali pa faragha, na kumkumbusha kubeba kadi yake ili apate msaada katika kituo kingine ikiwa safari itarefuka. Asipouliza, mzazi hatalitaja.

Baba na mama mezani pamoja

Sehemu iliyobaki ni ya familia yenyewe. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeamua siku na gari, na mama ndiye anayeijua afya ya mtoto. Mipango hiyo miwili ikifanywa mbalimbali, hugongana njiani. Baba huchagua gari la alasiri kwa kuwa nauli yake ni nafuu, asijue kwamba mtoto mchanga atafika usiku, akiwa amelowa na ana njaa. Inafaa wakae pamoja wiki mbili kabla ya safari, kadi za kliniki za watoto wote zikiwa mbele yao.

Wachague kwanza usafiri na saa. Safari ya asubuhi humpa mtoto mwanga na nafasi ya kupumzika, na humpa mzazi vituo vya afya vilivyo na watumishi wengi. Kumpakia mtoto mdogo kwenye bodaboda katikati ya watu wazima wawili, au kumbananisha kwenye gari dogo lililozidisha abiria, kunaokoa fedha kidogo na kuhatarisha kila kitu. Mtoto akae kiti cha nyuma. Panapopatikana kiti maalumu cha mtoto, kitumike, kwa sababu mikono ya mama, hata ikiwa na upendo namna gani, haiwezi kumzuia mtoto gari linapogonga.

Kisha chakula. Mtoto aliye chini ya miezi 6 ana chakula cha safari kilicho bora kuliko vyote, nacho ni maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji hata jua likiwa kali. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kwa wakubwa, ndizi mbivu inayomenywa na mlaji, mayai ya kuchemsha yaliyo bado na maganda na viazi vilivyopikwa asubuhi hiyo ni salama kuliko nyama iliyokaa kwenye kioo cha kibanda tangu jana. Maji yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na kipande cha sabuni kiwe mahali pa kufikika upesi.

Mkoba wa dawa hauhitaji kuwa mkubwa. Paketi za ORS, vidonge vya zinki, parasetamoli kwa dozi inayolingana na uzito wa mtoto, kipimajoto na dawa zake za kila siku vyatosha. Mtoto akianza kuhara, paketi moja ya ORS huchanganywa katika lita 1 ya maji safi. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Zinki hutolewa mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa mtoto wa miezi 6 au zaidi, na nusu yake kwa aliye chini ya hapo. Viuavijasumu na dawa za malaria zisibebwe ili kutolewa kwa kubahatisha, kwa maana homa ya njiani inataka kipimo kwanza.

Kila mtu mzima katika safari azijue dalili za hatari ambazo hazingojei mapambazuko: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, kupata degedege, kulegea kupita kawaida au kupoteza fahamu. Kabla ya kuondoka, familia ijue kituo cha afya kilicho karibu na itakapolala, kama inavyojua duka la karibu.

Na mpango wenyewe umfuate mtoto. Mtoto wa miaka 10 atauliza ni nani waliolijenga boma na kwa nini. Wa miaka 3 atakumbuka ngazi na mjusi ukutani, kisha atataka kulala. Saa moja au mbili za asubuhi zinatosha kulitazama boma. Kuunganisha siku hiyohiyo boma, soko, ndugu watatu na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ni kuwachosha watoto kwa faida ya picha za simu. Wanaokwenda hifadhini waitengee siku yake, na wawavalishe watoto nguo za mikono mirefu zenye rangi hafifu, kwa kuwa mbung'o anayeeneza malale huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba kliniki zimejaa. Muuguzi mmoja huhudumia foleni ndefu ya akina mama, na kumwongezea maswali ni kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kujibiwa kwa maneno matamu. Lakini elimu ya afya ya asubuhi tayari hutolewa kwa kundi zima kabla ya upimaji kuanza. Katika miezi ya Mei na Novemba mada yake moja inaweza kuwa safari, na maswali matatu yakabaki kwa wale tu watakaosema kwamba wanasafiri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kulifikisha jambo hilo majumbani. Muda unaotumika kumweleza mama abebe chandarua ni mfupi kuliko ule wa kumtafutia mtoto wake mshipa na damu usiku wa manane.

Wengine watasema kwamba familia za Ngara na Biharamulo hazina anasa ya kutalii, hivyo mazungumzo haya ni ya wenye nacho. Ni kweli kwamba wanaokwenda kulitazama boma kwa ajili ya boma lenyewe ni wachache. Lakini mtoto hubebwa kwenda kwenye harusi, msiba, mavuno na kwa bibi, na mwili wake hautambui tofauti kati ya utalii na msiba. Aliyejifunza kupanga safari ya furaha atakuwa na kadi na mkoba tayari siku itakapokuja safari ya ghafla.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kuulizwa habari za safari kutafanana na upelelezi. Hofu hiyo ina mizizi yake katika historia iliyotajwa, na dawa yake ni heshima. Mzazi aambiwe kwa nini anaulizwa, na jibu lake litumike kumsaidia, lisitumike kumlaumu.

Baada ya kurudi

Safari ya mtoto haimaliziki siku ya kurudi nyumbani. Malaria hatari, ile ya falsiparamu, mara nyingi hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati familia imekwisha kusahau. Mtoto akipata homa katika wiki hizo, mzazi aitaje safari bila kusubiri kuulizwa, na mtabibu aulize bila kusubiri kutajiwa. Hili ni muhimu hasa kwa mtoto aliyerejea Dar es Salaam au ng'ambo, ambako homa inaweza kudhaniwa kuwa mafua.

Akithibitika kuwa na malaria isiyo kali na kupewa dawa mseto, dozi zote 6 zimalizwe kwa siku 3, pamoja na chakula au maziwa, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi irudiwe. Katika Kagera jambo hili lina uzito wa pekee. Vimelea vyenye mabadiliko ya kijenetiki yanayovipa usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini viligunduliwa Rwanda, kisha vikaonekana katika mkoa huu. Dawa mseto bado inatibu, lakini mtoto ambaye homa yake inaendelea siku ya 3 arudishwe kituoni siku hiyohiyo, na asiongezewe vidonge nyumbani.

Timu za usimamizi wa afya za halmashauri hizi mbili zinaweza kuanza likizo ijayo, kwa kuiweka safari katika elimu ya asubuhi na katika maswali ya kila mtoto mwenye homa. Wazazi wanaweza kuanza leo, kwa kuitoa kadi ya kliniki sandukuni na kuisoma tarehe inayofuata. Boma la Biharamulo limesimama kwa zaidi ya miaka 100 na litaendelea kungoja wageni wake. Chanjo ya mwezi wa 18 ina tarehe yake.